Kichwa Huoshwa Mwisho

Mama mkwe hakupiga kelele. Angepiga kelele, Kioo angejua la kufanya: angeinamisha kichwa, angesema "samahani mama" mara tatu, na mambo yangeisha. Lakini siku ile mama mkwe alimpakata mjukuu wake, akamvua gauni, akamgeuza taratibu mbele na nyuma. Alitazama mabaka yaliyotanda nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko, ngozi imekakamaa na kupasuka. Akatazama na makalio, mahali ambapo mtoto alikuwa amejikuna hadi kutoa damu. Kisha akamvisha tena, akafunga vifungo vyote vinne.

"Wiki sita," alisema. "Nitakuja Jumamosi ya wiki ya sita. Nikimkuta bado yuko hivi, naondoka naye."

"Mama, ni ngozi yake tu ndivyo ilivyo..."

"Ni ngozi yake, ndiyo. Na wewe ndiye baba yake."

Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtia Kioo baridi. Mtu mwenye hasira utambembeleza. Aliyekwisha kukata shauri utamfanyaje? Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumwambia kuwa amekosea. Mtoto alikuwa anateseka, na kila mwenye macho alikuwa anaona.

Jina la Kioo alipewa kazini, kwenye kituo cha kuosha magari alikokuwa na mwaka wa kumi na moja sasa, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni mwake. Bintiye wa miaka miwili na miezi minne, Kioo alimwita Bosi. Bosi alijua kusema "hapana" kabla hajajua kusema "baba", na alitembea na mikono nyuma akikagua chumba kama anayetafuta mtu wa kumfukuza kazi. Mama yake alifariki kwa homa ya siku nne wakati mtoto hajatimiza mwaka. Tangu hapo walikuwa wawili, yeye na baba yake, katika vyumba viwili na bafu la sakafu ya saruji. Mchana mtoto alikaa kwa jirani, fundi wa cherehani, aliyekuwa akikanyaga mashine kwa mguu mmoja na kumsukumia mpira kwa mguu wa pili.

Jumatatu asubuhi Kioo aliomba ruhusa kazini akaenda kliniki. Daktari, mwanamke mnene mpole aliyeandika kwa mkono wa kushoto, alisema hii ni pumu ya ngozi, haiambukizi, na haina dawa ya kuimaliza siku moja. Mtoto ana ngozi nyeti, nayo inahitaji adabu. Maji ya vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Dakika kumi, zisizidi. Sabuni isiyo na manukato. Asisuguliwe. Akitoka majini akaushwe kwa kugusagusa tu na taulo laini, kisha apakwe mafuta mazito hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kioo aliyaandika yote nyuma ya bahasha, akaibandika bafuni juu ya bomba. Kuhusu nywele daktari hakusema kitu, na Kioo hakuuliza. Mtu aliyeosha paa za magari miaka kumi na moja atauliza vipi jinsi ya kuosha kichwa?

Akashika amri za daktari kufa na kupona. Alinunua saa ndogo ya jikoni akaitega dakika kumi. Kiwiko cha kushoto alikitumbukiza majini mara tatu, maana cha kulia hakukiamini. Taulo gumu alilitupa, akatafuta lililochakaa likawa laini. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mikunjo ya viwiko ilitulia kidogo, lakini makalio na nyuma ya mapaja vilizidi kuharibika. Ukimkalisha Bosi, anasimama. Ukimlaza, anajikuna hadi analia. Kioo akawa anamfunika mikono kwa soksi zake mwenyewe, na mtoto anamtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyesalitiwa.

Kazini alikuwa mkali. Asubuhi moja alimkuta mwenzake, Mzee Breki, anaosha gari kuanzia magurudumu.

"Nani kakufundisha uchawi huo?" Kioo aliuliza.

"Magurudumu ndiyo machafu zaidi."

"Na ukimaliza magurudumu ukapanda juu, uchafu wa juu utakwenda wapi? Utapaa? Paa kwanza, mzee! Paa, vioo, boneti, milango, magurudumu mwisho. Kila kitu kinashuka."

"Kila kitu kinashuka," Mzee Breki alimwigiza kwa sauti ya mhubiri, lakini akahamia juu. Kwenye jambo hilo Kioo alikuwa hataki mchezo. Alikuwa amewafundisha kazi vijana na wazee, na wote aliwaanzishia hapo.

Wiki ya tatu ilipokatika, akarudi kliniki. Alimbeba Bosi begani kwa sababu hakutaka kukaa.

"Unafuata yote niliyokwambia?" daktari aliuliza akimtazama mtoto mgongo.

"Yote. Niulize lolote."

Daktari akamuuliza, naye akajibu kama mwanafunzi aliyekesha na daftari. Maji, kiwiko, dakika, sabuni, taulo, mafuta. Daktari akakuna shingo kwa kalamu. Ubaya ulikuwa makalioni na nyuma ya mapaja, sehemu za kukalia, wakati sehemu nyingine zilikuwa zinapata nafuu. Akavuta boksi la vitu vya kuchezea watoto, akatoa mdoli wa plastiki aliyekosa mkono mmoja, akaweka na trei ya chuma mezani.

"Hili beseni, huyu mtoto. Nionyeshe."

Kioo hakuona haya. Alikunja mikono ya shati, akamkalisha mdoli ndani ya trei. "Hapa maji yameshapimwa. Anakaa. Halafu naanza na paa."

"Paa?"

"Kichwa, daktari. Samahani. Namwaga maji, natia sabuni ya nywele, natoa povu la kutosha. Ana nywele nyingi, kama mama yake. Nasuuza. Halafu nashuka shingo, mikono, kifua, mgongo..."

"Hii sabuni ya nywele ndiyo ile isiyo na manukato niliyokwambia?"

"Hapana, hiyo ni ya mwili. Ya nywele ipo ya siku zote. Inanukia matunda, Bosi anaipenda."

"Unamwosha nywele kila siku?"

"Kila siku. Gari lisilooshwa paa halijaoshwa."

"Na ukisuuza kichwa, maji yanaingia wapi?"

"Yanaingia kwenye beseni."

"Naye amekaa wapi?"

"Kwenye bese..." Vidole vya Kioo vikaganda juu ya kichwa cha mdoli.

"Kisha unamaliza mwili taratibu, dakika kumi," daktari alisema kwa upole. "Kila siku mtoto anakalia sabuni ya nywele kwa dakika kumi."

Kioo alijaribu kubisha. Miaka kumi na moja haitoki mtu mwilini kwa sentensi moja. "Lakini uchafu unashuka, daktari. Ukianza chini, ukija kumalizia juu, si unamchafua tena?"

"Uchafu unashuka, ndiyo. Na sabuni nayo inashuka. Gari halina ngozi, baba."

Aibu ilimpanda Kioo, aibu ya mtu mzima ile inayoanzia masikioni. Tangu mama yake mtoto afariki, kila jioni, kwa mikono yake hii, kwa bidii na kwa mapenzi, alikuwa akimkalisha mwanawe ndani ya kitu kinachomuunguza. Na mtoto alipolia, yeye aliongeza bidii. Alitamani daktari amgombeze, lakini mwanamke yule alikuwa ameshaanza kuandika kwa ule mkono wake wa kushoto.

"Sikuahidi kuwa ni hilo tu," daktari alisema. "Ngozi yake itabaki nyeti. Lakini tuanze hapo. Mwili kwanza, kwenye maji safi. Kichwa mwisho, na asiwe amekaa kwenye beseni. Mara mbili kwa wiki inatosha. Sabuni ya nywele nayo isiwe na manukato. Na povu lisimpitie mwilini. Utajua mwenyewe namna ya kufanya."

Utajua mwenyewe. Kioo alitoka pale na maneno hayo na wiki tatu mkononi.

Kumwosha Bosi mwili kwanza kulikuwa rahisi. Kichwa ndicho kilikuwa balaa. Zamani kilikuwa kinaanza, mtoto bado ana hamu ya maji, na kabla hajakumbuka kulia kimeshakwisha. Sasa kilikuja mwisho, yeye amechoka, amekwisha kuridhika, anataka nguo zake. Mara ya kwanza Kioo alimsimamisha sakafuni akamwinamisha mbele. Povu likaingia machoni. Bosi alipiga ukelele ambao jirani aliusikia na cherehani ikiwa inakwenda.

"Jirani!" fundi aliita kupitia ukutani. "Unamwosha au unamchinja?"

Mara ya pili alimkalisha kwenye stuli akamwambia aangalie dari. Bosi aliangalia dari hadi tone la kwanza, kisha akaangalia mlango, na povu lote likamshukia mgongoni, lile lile alilokatazwa. Kioo alimsuuza mwili upya kwa maji safi, akampaka mafuta, akakaa chini ya ukuta wa bafu, nguo zimelowa chapachapa. Mara ya tatu mtoto alipoliona kopo tu alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili na kusema, "Hapana kichwa. Bosi hana kichwa."

Mtu mwingine angemshika kwa nguvu amalize. Kioo naye alikuwa na nguvu hizo, na mchana kutwa alikuwa akizungusha mipira ya maji iliyowashinda wanaume wawili. Lakini aliwaza: nikimshika leo, Jumamosi ya mama mkwe nitakuwa na ngozi nzuri na mtoto anayenikimbia. Hapo nitakuwa nimeshinda nini? Akamvisha nguo, nywele zikiwa hazijaoshwa, akala kiapo kimoyomoyo kwamba hatashindwa na kichwa kisichozidi ukubwa wa nazi.

Kesho yake wakati wa mapumziko alilala chali kwenye benchi la kituo, kichwa kinaning'inia nje, akamwita Mzee Breki.

"Nimwagie maji kichwani."

"Umeacha kuosha magari, umeamua kuwa gari?"

"Mwaga, mzee. Usiulize."

Mzee Breki akamwaga kwa kopo. Maji yalikuja kwa kishindo, yakajaa puani, Kioo akaruka akikohoa. Wakajaribu mpira uliobanwa kwa kidole, ukamchapa sikio. Wenzake walikusanyika, kila mmoja ana ushauri, na mmoja alikwenda kuleta brashi ya magurudumu kwa utani. Kioo hakucheka. Akaomba birika la chai la kituo. Mdomo wake mwembamba ulitoa uzi wa maji, nao ukaenda pale tu unapoelekezwa. Alipoweka kiganja chake kwenye paji la uso, hata tone halikufika machoni. Lakini bado kila yalipokuja alishtuka, mabega yakapanda. Ndipo akaelewa kitu ambacho hakuna aliyemwambia: maji yenyewe hayakumtisha, ila hakujua yanakuja lini.

"Rudia," alimwambia Mzee Breki. "Sasa uhesabu kwanza. Moja, mbili, tatu, ndipo umwage."

Mzee Breki akahesabu. Kioo alibaki ametulia benchini, na wenzake nao wakaacha kucheka, maana waliona sasa kwamba mtu huyu yuko kazini.

Akanunua birika dogo. Jioni aliketi kwenye stuli bafuni, akamlaza Bosi mapajani chali, amefungwa taulo hadi kidevuni, shingo kwenye mkono wake wa kushoto, nywele zikining'inia juu ya ndoo tupu. Kiganja alikiweka kwenye paji la uso.

"Hapana kichwa," Bosi alisema, midomo imeanza kutetemeka.

"Hatuoshi. Tunahesabu. Moja. Mbili. Tatu." Akamwaga kidogo, kijiko kimoja cha maji. Mtoto alikunja uso, akafikiri. Kioo akahesabu tena, akamwaga. Siku hiyo aliishia hapo, maji matupu, hakuna sabuni. Jumatano aliongeza sabuni kidogo, akaipitisha kwa ncha za vidole tu, hakutafuta povu. Ilimuuma kutotafuta povu, mazoea ni mazoea. Jumamosi ya wiki hiyo Bosi mwenyewe ndiye aliyesema "tatu", na kwa kuwa ni bosi, alisema "tatu" mara kumi na nne mfululizo, na baba yake akamwaga mara kumi na nne.

Ngozi haikupona kama kwenye hadithi za kupewa dawa. Ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele. Makalio yalikauka vidonda kwanza. Usiku mmoja soksi za mikononi zilianguka na hakuna aliyejikuna. Wiki ya tano Bosi alikaa sakafuni akala chakula chote amekaa, na Kioo aliyekuwa anamtazama ikabidi asingizie moshi wa jiko. Kufikia mwisho wa wiki ya sita lilibaki baka moja, nyuma ya goti la kushoto, limegoma kabisa.

Jumamosi mama mkwe alifika mapema, mtoto hajaogeshwa. Alikuja na begi kubwa lisilo na kitu ndani, na Kioo alipoliona akajua ni la nguo za mtoto. Mama mkwe alivua viatu, akakunja kitenge chake kiunoni, akatoa dodoki jipya na kipande cha sabuni.

"Leo namwogesha mimi," alisema. "Nataka nimwone kwa mikono yangu."

Katika miaka yote Kioo hakuwahi kumpinga mama huyu hata kwa jambo la chumvi. Akasimama kwenye mlango wa bafu.

"Hapana, mama."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, kwa heshima zote. Dodoki halimgusi. Ukitaka kumwona, kaa hapo kwenye kiti umwone. Ukishamaliza kuona, useme utakalosema. Lakini kuoga ataoga ninavyomwogesha mimi."

Mama mkwe alimtolea macho, kisha akaketi. Kioo akapima maji. Akamwosha Bosi shingo, mikono, kifua, mgongo, miguu, kwa viganja vitupu. Akamtoa kwenye beseni, akamfunga taulo, akamlaza mapajani. Bosi akasema "tatu", maji yakaja kwenye uzi wake mwembamba. Bosi akamgeuzia bibi yake macho makavu akamwambia, "Bibi, hesabu."

Mama mkwe hakuhesabu. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Kioo alimkausha mtoto, akampaka mafuta kuanzia shingoni, na alipofika kwenye mguu wa kushoto akamgeuza mwenyewe. "Hapa bado, mama. Sikufichi. Kwingine kagua."

Mama mkwe akakagua. Alipitisha kidole kwenye viwiko, kwenye makalio, nyuma ya masikio, kwa utaratibu ule ule wa siku ya kwanza. Alipomaliza, alizivuta nywele zilizolowa akazishika tu.

"Mama yake alikuwa na ngozi hii hii," alisema. "Mimi nilidhani ni uchafu. Nilimsugua kwa dodoki kila siku, na alivyozidi kulia ndivyo nilivyozidi kusugua. Alipofika miaka sita akaniambia, mama, kuanzia leo nitaoga mwenyewe. Akajifungia. Sikuzigusa tena nywele zake." Akalikamua tone la maji kwenye ncha ya nywele. "Hadi siku ile tulipomwandaa kuzikwa. Siku hiyo ndipo alipokubali nimwoshe."

Bosi alikuwa anamvuta bibi yake sikio, na mama mkwe akamwacha amvute.

"Nilitaka huyu nimwoshe vizuri," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa namtaka. Nilisema ni ngozi, lakini ngozi ilikuwa kisingizio."

"Mtoto haendi, mama."

"Najua haendi. Nimeona." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hilo birika ni zito?"

Kioo alimtazama mwanamke yule, mikono yake imelala mapajani haijui ishike nini, na moyo wake ulimwuma kwa ajili yake na kwa ajili ya marehemu mkewe. Lakini alikuwa amehangaika sana na kichwa hiki hadi kikamwamini, na hakuwa tayari kumkabidhi mtu hivi hivi, hata akiwa bibi yake.

"Jumatano ndiyo siku ya nywele," alisema. "Saa kumi na moja jioni. Nitakufundisha. Ila usichelewe, mama, maji yanapoa."

Jumatano, saa nane mchana, mama mkwe alikuwa ameshaketi mlangoni.